Kope Zote Ziko Ndani

Jumatano, 5 Machi 2003

Barua imefika kutoka Kajiado. Kamati ya kambi ya macho inakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Madaktari wa upasuaji watapiga kambi sehemu mbili tu – na sisi wa Kitengela hatuko kwa orodha! Eti tuko karibu na mji, trakoma, huo ugonjwa wa macho, huku haiwezi kuwa nyingi.

Nani aliwaambia? Miaka sita nimekuwa afisa wa afya huku, boma zote nimezizunguka kwa baiskeli. Niko na picha za watu arobaini na wawili. Kope zao zimegeuka zikaingia ndani, zinakwaruza jicho kila wakipepesa.

Nimepewa dakika kumi za kujitetea. Kwa slaidi za kompyuta, si kwa albamu – ndio watu wote kumi na wawili wa kamati waone pamoja ukutani.

Mimi na kompyuta! Nashon Obura, miaka hamsini na moja, taipureta yenyewe hunishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Ruqia, yule Mama Jeylani mwenye biro, kiofisi cha kompyuta nyuma ya soko, amekubali kunisaidia. Picha zote ameziskani mwenyewe, moja moja, jana na leo. Alipofika kwa Ngoto Nashipae – mama yake Nashipae, kwa Kimaasai, mmoja wa wagonjwa wangu – mkono ukasimama.

"Hii kope ni kama mwiba," akasema.

Kisha akaniambia mambo ya mama yake huko Wajir. Alikuwa anang'oa zake kwa kibano kila Alhamisi. Zinaota tena. Anang'oa tena. Mwisho hakukuwa na haja ya kung'oa, kwa sababu hakukuwa na cha kuona.

Nikampa picha iliyofuata. Akaendelea kuskani.

Jumatatu, 10 Machi

Shida. Slaidi zimekuwa megabaiti ishirini. Disketi moja inabeba moja na nusu hivi, na kompyuta ya Kajiado haina pa kuingizia kitu kingine. Nilipiga simu, nikaambiwa ni disketi ama nikae nyumbani.

Mama Jeylani akapunguza picha. Zikaingia disketi mbili! Nikafurahi kwa dakika moja. Tukafungua ya Ngoto Nashipae: ukungu mtupu. Kope hakuna. Jicho limepona – kwa kompyuta.

Nikipeleka hiyo nitakuwa nimewathibitishia kwamba hatuumwi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Elsie ameniuliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba. Mke wa miaka ishirini na tano hadanganyiki, lakini hakuuliza tena.

Jumanne, 11 Machi

Lazima niandike hii kabla sijalala, maana kesho nitadhani niliota.

Nilifika biro saa mbili asubuhi, Mama Jeylani tayari yuko kwa kiti. "Mzee, leo hatupunguzi picha," akasema. "Tunazipu."

Nikafikiria zipu ya suruali. Akacheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani.

Akanieleza hivi. Picha ni kama mtu anayerudia maneno. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, nyeupe – mara elfu. Kompyuta haina haja ya kuandika yote. Inaandika: nyeupe, mara elfu. Inachukua mahali padogo, lakini ukiifungua inakusomea zote elfu bila kuruka hata moja.

"Hakuna kinachotupwa?"

"Hakuna."

Sikuamini. Nilimwambia wazi siamini. Akabonyeza. Mstari wa buluu ukatambaa polepole, nikawa nimeshika pumzi kama niko leba. Megabaiti ishirini zikawa tisa! Tisa, bado zinahitaji disketi saba. Basi ikawa inazikata yenyewe: inajaza moja, inaomba ya pili, inajaza, inaomba ya tatu. Mama Jeylani akaandika namba kwa kalamu. Halafu akatengeneza nakala nyingine saba. "Disketi ni kama mbuzi," akasema. "Usiende sokoni na mmoja."

Nikamwambia afungue, nione. Akafungua. Slaidi ya kumi na moja, Ngoto Nashipae.

Nilisogeza kiti. Nikavaa miwani. Nikahesabu. Kope ya kwanza, ya pili, ile iliyopinda, ile fupi ya pembeni. Zote! Hata tone la chozi liko mahali pake.

Watu arobaini na wawili wamekaa mfukoni mwangu, na hakuna hata mmoja aliyepungua. Mimi ni Mkristo wa kawaida, siongei ovyo mambo ya miujiza. Lakini leo nilisimama kwa mlango wa biro nikavua kofia, na sijui nilimvulia nani.

Alhamisi, 13 Machi

Boma ya Ngoto Nashipae. Nilitaka ajue jicho lake linaenda wapi – ni lake.

Nikamsalimu kwa Kimaasai: "Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia.

Binti yake Nashipae akawa anatafsiri. Nikampa mama disketi azishike. Akazipapasa moja moja, akauliza yeye yuko kwa gani. Nikasema sijui, pengine amekatwa, nusu iko ya tatu, nusu ya nne. Haonekani mpaka zote saba zifike.

Akasema neno, Nashipae akatabasamu: "Anasema kesho anaenda na wewe. Anasema akikatwa nusu, hiyo nusu nyingine iwe karibu."

Ijumaa, 14 Machi. Kajiado

Niko kwa benchi nje ya ukumbi. Naandikia gotini, mwandiko mbaya.

Karani wao, Githinji, aliweka disketi. Kompyuta ikaomba ya mwisho kwanza, ile yenye orodha ya picha, halafu ya kwanza, ya pili. Mpaka ya tano. Ya tano ikanguruma kama kinu cha posho, ikakataa. Mwenyekiti akatazama saa. "Mzee, labda mwaka ujao." Nikatoa nakala ya tano kutoka mfuko wa pili. Githinji akaiweka. Kimya. Ikasoma! Ya sita. Ikaomba ya saba tena, ikapewa.

Jicho lilipofika ukutani lilikuwa kubwa kama mlango. Daktari Apondi, yule mama wa upasuaji, akainuka, akatembea mpaka ukutani, picha ikamwangukia mgongoni. Akaweka kidole. "Sita. Saba. Nane zimeingia ndani." Akanigeukia. "Huyu ni wa Kitengela?"

"Yuko nje hapo, daktari. Kwa benchi."

Wakamwita aingie na Nashipae. Mimi nikaambiwa nisubiri. Dakika zangu kumi zimeisha zamani. Sasa ni karibu saa nzima. Mlango umefungwa, lakini nasikia. Sauti ya Daktari Apondi: "Rudisha nyuma. Huyo wa kumi na nane. Huyo pia." Mtu mwingine anabisha, eti orodha imeshapigwa chapa. Daktari ameomba tochi.

Githinji ametoka sasa hivi, ananiuliza kama lori la hema la upasuaji linaweza kufika boma zetu wakati wa mvua. Nimemwambia linafika, isipokuwa pale korongoni. Amesema hajui korongo gani, na wanataka kujua saa hii.

Nitarudi kuandika. Nararua karatasi hapa nyuma ya daftari nimchoree njia –