Mabamba Yaliyoandikwa Jumatatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba yule mdogo ameacha kukohoa. Huku hatujambo kiasi. Goti la Mama bado linamsumbua, ila mdomo uko palepale. Jana kanigombeza kwa kula nimesimama. Mimi nimechoka, dada. Nakaa kuvua viatu, nasahau nilikaa kufanya nini.

Shemeji aliniambia bado unapiga pasi nguo za watu na hutaki hata kusikia habari za karakana. Nisamehe, leo itabidi uzisikie.

Mashine yako ya kuchongea, ile ya dirishani, ndiyo ninayoisimamia sasa. Tumerudia kuchonga yale mabamba ya plastiki ya kiwanda cha kujaza chupa, mapana kama sinia, membamba kama daftari. Jamani, yale mabamba yana vituko! Ukilikaza sana kwenye jiriwa linakutii, ukilifungua tu linabetuka. Kisu kikiwa butu linapata joto, linapinda. Ukichonga upande mmoja ukausahau wa pili, vilevile.

Basi nafanya ulivyonifundisha. Nakata kidogo huku, nageuza, nakata kidogo kule, nabakiza unene wa kumalizia, kisha nayalaza rafuni siku tatu yatulie, tarehe nimeiandika juu kwa chaki. Siku ya nne ndipo namalizia. Wiki iliyopita yametoka arobaini, hata moja halikurudishwa. Miwani, msimamizi wetu, unamjua, aliyapanga juu ya meza ya chuma akajaribu kupenyeza karatasi chini yake, haikuingia. Akaniita mbele ya wenzangu akasema hajapata kuona mikono kama yangu. Wakanipigia makofi. Nilisema asante bosi, nikarudi mashineni.

Dada, ukitaka kuichana barua hii, ichane ukishaimaliza. Yale mabamba ishirini yaliyokuponza miaka miwili iliyopita hukuyaharibu wewe. Uliapa yalilala siku tatu, Miwani akasema unamdanganya mtu mzima, na mimi nilikuwa nimesimama palepale nimeshika ufagio. Wiki ile ulikuwa nyumbani na mtoto mgonjwa, ukaniachia ukataji wa kwanza. Ulisema niufanye Jumatatu. Jumatatu nikazembea, Jumanne nikazembea tena, Jumatano nikayakata mbiombio. Nikaogopa utanisema, nikaandika Jumatatu. Alhamisi ukaja, ukasoma chaki yangu, ukaiamini, ukamalizia. Yalifika kwa mteja yamejikunja yote.

Nilidhani utakaripiwa tu, yaishe. Walipokufukuza nilikubebea begi hadi kituoni, na wewe, masikini, ukanisisitiza niitunze mashine. Ningeweza kusema pale. Sikusema, na naona haya mpaka leo.

Asubuhi hii nimemweleza Miwani yote. Akauliza kwa nini leo. Nilimwambia nimechoka kusifiwa. Amesema atakuandikia mwenyewe kukuomba radhi, na kwamba mashine ni yako ukiitaka. Mimi nimerudisha ufunguo wa kabati la visu vya mashine. Mama bado hajui. Nitamwambia nikishaituma hii, na najua atakavyosema.

Wasalimie wapwa zangu. Shemeji naye mwambie ana haki ya kunikasirikia.

Jambo la mwisho. Rafuni kuna mabamba kumi na mawili yanayongoja kumaliziwa. Nimewaomba wasiyaguse mpaka uje. Yakilala zaidi hayaharibiki. Yameandikwa Jumatatu. Ni kweli niliyakata Jumatatu, lakini usinisadiki mimi. Muulize Miwani, aliniona nikiyakata, atakwambia.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kazi.