Akaunti ya Mstaafu wa Masijala

3 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai goti limepoa na usingizi umerudi. Mimi mzima, ila kazi mpya imenibana. Hospitali uliiacha na kompyuta chache. Sasa kila wodi ina zake, zote zimeunganishwa na seva mbili kwenye chumba cha baridi ambacho nashinda ndani yake na sweta. Kazi yangu ni kupanga nani aone nini. Muuguzi aone wagonjwa wa wodi yake, mfamasia aone dawa, basi.

Sasa kuna jambo linaniwasha. Nikipekua akaunti za zamani nimekuta yako. Umestaafu miaka minne, lakini akaunti yako inaingia kila Jumatano saa mbili kasorobo asubuhi, kutoka kompyuta ya wodi ya wazazi. Inafungua orodha ya waliojifungua, inakaa dakika kumi, inatoka. Haibadilishi hata nukta.

Nani huyo, Baba? Nawaza hadi chai inapoa. Tarehe ishirini mkuu wa hospitali anataka orodha ya akaunti zote za namna hii, na sera mpya inasema anayetumia neno la siri la mwenzake anafukuzwa kazi.

Binti yako


11 Machi

Marahaba mama,

Goti lina siku zake, leo limeamka vizuri. Nimecheka kusikia unavaa sweta kwa hiari, wewe tuliyekukimbiza uwanja mzima ukilikataa. Hebu niambie, hiyo mashine inamjua aliyekaa kwenye kiti, au inajua jina tu?

Huyo ni Bi Mkunga, yule aliyekupokea ulipozaliwa. Mzazi akiruhusiwa kwenda nyumbani, mfumo unalificha jina lake hapo hapo. Na yeye kila Jumatano huwafuata majumbani waliojifungua kwa shida. Atawafuataje asiowaona? Siku niliyostaafu nilimwandikia neno langu la siri kwenye karatasi, maana akaunti ya masijala huona majina yote.

Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Wewe ndiye unayepanga ruhusa, umeniambia mwenyewe. Funga akaunti, futa nyayo zake, usimtaje. Sijawahi kukuomba kitu cha kazini. Hiki nakuomba.

Baba yako


19 Machi

Shikamoo Baba,

Mashine inajua jina na kompyuta, kiti haikijui. Kwa hiyo kwenye daftari la seva, linalorekodi kila anayeingia, mvunja sheria ni wewe.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kufuta kungenichukua dakika mbili. Nilifungua daftari, nikaweka mkono kwenye kipanya, halafu nikajiondolea ruhusa yenyewe ya kufuta. Sasa kila anayeingia anaandikwa kwenye seva ya pili, ambayo mkaguzi ndiye mwenye mamlaka nayo. Mimi nasoma tu. Usidhani ni ushujaa. Nilijua ukiniomba mara ya pili nitakubali.

Nimeombea wakunga ruhusa mpya, ya kusoma majina ya waliokwenda nyumbani. Mkuu hajasaini. Akaunti yako niliifunga jana asubuhi. Bi Mkunga alikaa mbele ya kompyuta akijaribu mara tatu, mimi namwona kupitia kioo cha mlango. Kuna wazazi wawili hawakutembelewa. Imeniuma sana. Kesho napeleka orodha, na jina la Bi Mkunga nimeliandika humo.

Kasirika ukitaka, ila nijibu.

Binti yako


30 Machi

Shikamoo Baba,

Kimya chako kinanitisha. Kama unaumwa, mwambie jirani anipigie.

Bi Mkunga amesimamishwa kazi hadi kamati ikae tarehe tisa Aprili. Wamemuuliza neno la siri alilipata wapi. Anasema aliliokota kwenye droo. Anakuficha, Baba. Mimi nimeulizwa kuhusu seva tu, nikajibu kuhusu seva tu.

Binti yako


6 Aprili

Marahaba mama,

Siumwi. Nilinuna. Nilijiambia nimesomesha mtu aje kunikatalia, nikawa naipita meza yenye barua zako kama siioni. Lakini swali likaniganda: mtu anajinyang'anyaje ruhusa, na akiihitaji tena anairudishaje? Nikamuuliza fundi wa kompyuta wa hapa mtaani. Akasema ikipangwa vizuri, hawezi kuirudisha peke yake. Nikarudi nyumbani nikazisoma barua zako upya.

Keshokutwa napanda basi. Kwenye kamati nitasema neno la siri nililitoa mimi, kwa mwandiko wangu, na nitawauliza nani alipanga mkunga asiwaone wazazi aliowazalisha. Sijui watamwamuaje. Lakini hatakaa pale peke yake akisingizia droo.

Jambo moja ulijue. Ile barua ya kukuomba mara ya pili nilikwisha kuiandika. Ina kurasa tatu. Nimemtaja marehemu mama yako ndani yake, siku uliyozaliwa, na mikono ya Bi Mkunga. Nimeisoma tena leo, na ni kweli, ungefuta.

Naichana sasa hivi.

Baba yako