Ngoja Harusi Ipite

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Assalaam alaykum, daftari langu. Hujambo? Siku nyingi sijakujulia hali. Mie mzima, alhamdulillah – na leo nimehakikishiwa! Nimekwenda na shoga yangu Mahfoudha kwenye lile basi la kupima saratani ya matiti, limesimama mtaa wa Ghubra. Bure, na kahawa juu! Wamenibana, wamenipiga picha, sina kitu. Nesi kasema wenye asili ya Afrika anaowaona yeye huja wameshachelewa, tukawaambie wenzetu. Nikaitikia kwa kichwa. Mtumishi wangu Pelagia nimemwacha jikoni na vitunguu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Pelagia kaniuliza wanapimaje. Nikamwonyesha kwa vidole, juu ya kanga. Tukacheka – "Kumbe kama kukanda unga, Mama!" Halafu akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye ziwa lake la kushoto.

Kigumu. Kama kokwa ya tende. Ya Rabbi!

Aliniambia kabla ya Ramadhani kuwa panamuuma. Nikasema hasad, jicho la watu wa kwao Bukoba. Nikamsomea, nikampulizia, nikampa mafuta ya habasoda. Mkristo wa watu, kaitikia amina.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimemwambia tungoje harusi ya binti yangu Balqees ipite. Hakubisha. Kauliza tu basi linaondoka lini – kesho mchana – na kama watumishi nao wanapimwa. Nikasema sijui.

Uongo! Nesi alisema yeyote, hata asiye raia. Astaghfirullah.

Mume wangu Thani anasema akionekana mgonjwa huenda asipewe tena kibali cha kufanya kazi nchi hii, arudishwe kwao. "Unataka kumfukuzisha wewe mwenyewe?" Nimeling'ang'ania neno hilo. Lakini Mola anajua – mie naogopa kuachiwa peke yangu sufuria za harusi. Na wageni wakija mie huwaambia, huyu si khadima, si mtumishi, huyu ndugu yetu, lugha moja! Uso nitauweka wapi?

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya alfajiri nimemwambia ajitayarishe, twende. Kavaa gauni lake la kanisani. Nimeshashika funguo za gari, simu ikalia: wakwe wanaleta vitu vya bibi harusi, saa nne wapo hapa. Nyumba haijafagiliwa, hata chai hamna. Basi linafunga saa sita.

Nimejifungia chumbani, nakuandikia wewe. Pelagia kagonga mlango. "Mama, tunakwenda, au nivue?"

Nimjibu nini? Nambie, daftari langu, nijibu upesi – bado kasimama hapo nje.