Siku Aliyotajiwa Baba

Muyeye, Malindi
14 Agosti 1984

Kwa kaka yangu Randu,

Shikamoo. Watoto wazima, na sare ulizoleta zimewatosha. Mkorosho wa nyuma ya jiko umeanza kutoa maua.

Nakuandikia juu ya Baba. Katika shajara yangu ya tarehe 8 Julai niliandika kwamba nabii mgeni alimwekea Baba mkono kichwani mbele ya kanisa zima, akatangaza kwa jina la Bwana kuwa atafariki Jumapili, tarehe 12 Agosti. Baba hakuwa mgonjwa. Hata hivyo aligawa mbuzi wake, akaacha kulima.

Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe, ikapita. Jana asubuhi Baba aliamka mzima. Kwa furaha nilimsomea Kumbukumbu la Torati kumi na nane, panaposema kwamba nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, Bwana hakumtuma, tusimwogope.

"Umeona, Baba? Mtu yule alikudanganya."

Akanijibu: "Mwanangu, mtumishi wa Mungu hasemi uongo. Ni mimi niliyechelewa."

Akausukuma uji. Tangu hapo hajala, wala maji hanywi. Bado siamini nilichosikia. Mimi hanisikii tena, lakini wewe mwanawe wa kwanza hajawahi kukukatalia neno.

Barua hii nampa jirani yetu Stambuli, anayekuja Kilifi mchana huu. Omba ruhusa hapo hotelini Bofa, urudi naye.

Mdogo wako,
Nyevu