Sirene ya Fusée

Kolwezi, siku ya ine

Kunyamaza, mi sitanyamaza. Siku ya ine ingine nitaenda tena kwa jirani yetu Tata Kabamba, na nitaikala mbele, karibu kabisa na televizyo yake.

Leo filme ya batu ya fusée, ile ndege ya kwenda ku nyota, ilikuwa ya kuchekesha. Mashini yao ya kupika ilikataa kazi, ikasema nayo inataka congé, ipumzike kidogo! Mi nilikuwa nageuza Kifaransa mu Kiswahili kama kila juma, bamama banacheka mpaka machozi. Tata Kabamba akapiga meza: "Citoyenne, acha kelele! Nyumba yangu haiko soko."

Nikanyamaza. Bamama nabo kimya. Yeye alikuwa ametoka poste ya usiku ku mugodi na hakulala muchana. Ile kimya ikamulaza mu kiti, akaanza kukoroma.

Njo mu filme sirene ya fusée ikalia. Tata Kabamba akaruka, akafikiri ni ya mugodi, akakamata kaske yake, kofia ya kazi, akakimbia ku barabara kuelekea mugodi, miguu mitupu! Tulicheka vibaya sana.

Akarudi na hasira. Alisema hakuna mama ataingia kwake tena. Minaogopa, sitaficha. Televizyo ni yake, na mu avenue yetu hakuna ingine.

Lakini bibi yake alinifuata ku mulango, akaninong'oneza: "Kuja tu, dada. Anaosha miguu, ananiuliza: ile mashini ilipata congé?"

Sitamwambia. Aniulize yeye mwenyewe, mbele ya bamama bote.