Vipande vya Kijivu

Jumatatu, 3 Februari

Nimeandaa somo la Kidato cha Tatu. Ramani za kontua, ile mistari ya miinuko. Kitabu kimo kwenye tableti aliyoniletea Hamadi, mtoto wa kaka yangu, kutoka Dar. Kurasa mia tatu na kitu, zote picha. Ukurasa wa arubaini, pembe ya chini ilikuwa kijivu tupu. Nikafumba macho, nikafumbua. Ramani ikaja. Uchovu tu. Mama keshakula. Nalala.

Jumatano, 5 Februari

Leo tena. Kipande cha kijivu, kushoto, chini. Mistari ya kando yake imefifia kama iliyomwagiwa maji. Nikasugua macho, na nilipotazama tena kila kitu kipo.

Nimempigia Hamadi, nikamzungusha maneno kujua kama tableti ni nzima. Akacheka. "Shangazi, kioo hicho kikali kuliko macho ya mtu. Nimekuchukulia cha juu kabisa."

Basi kasoro si ya kioo.

Mama alianza hivi hivi. Akisema kuna kipande hakipo, nasi tukimwambia apumzike. Sasa haoni hata mwanga wa mlangoni. Presha ya macho. Daktari wakati ule alisema ugonjwa huu hufuata damu, watoto wote wakapimwe. Miaka kumi na moja imepita. Sijapimwa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimejipiga bega kwenye mlango wa jiko. Bega la kushoto.

Naogopa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimejipima mwenyewe. Nimeziba jicho la kulia, nikasoma kalenda ya ukutani. Naona. Kisha nikafungua ramani ya Pemba. Mraba mzima wa kijivu, kisiwa cha Kojani hakipo. Nikahesabu mpaka ishirini ndipo ikatokea. 

Nimeifungia tableti kabatini, chini ya kanga. Upuuzi. Kama ni macho, hayafungiki kabatini.

Mama ananisikiliza sana siku hizi. Leo akasema, "Wapumua vibaya. Wanficha nini?" Nikamwambia kazi nyingi shuleni. Nimemdanganya mtu asiyeweza kuniona uso. Najionea haya.

Jumanne, 11 Februari

Nimesomesha bila ramani. Nilichora mlima ubaoni, nikaufuta, nikauchora tena. Watoto walijua kuna kitu.

Nawaza jambo moja tu. Nani atampikia Mama? Nani atamtilia maji ya kutawadha? Vipofu wawili nyumba moja, hapa Vitongoji, na kaka keshatangulia mbele ya haki. Nimejaribu kuvuka chumba macho yamefumbwa. Hatua nne, nikagonga kitanda.

Nimeomba ruhusa ya Alhamisi niende mjini Chake, kliniki ya macho. Mwalimu mkuu nimemwambia ni jino.

Jumatano, 12 Februari

Siku ya ajabu.

Asha, anayesomesha kompyuta, jana alitaka kukiona kile kitabu cha ramani. Sikuwa na sababu ya kumkatalia. Asubuhi nikaitoa tableti kabatini, nikaenda nayo. Akakaa ubavuni mwangu ofisini, akafungua ukurasa. Mraba wa kijivu, kushoto, chini. 

Asha akasema, "Mbona hii haijamaliza kufunguka?"

Nikamuuliza, "Wewe waona nini?"

"Kijivu. Hapa. Na hapa." Akaweka kidole pale pale.

Nililia. Mbele ya walimu wanne. Alipojua sababu akanishika bega. "Si macho yako, Bi Zuwena. Ni faili. Kila ukurasa ni picha nzito, na kioo hiki kina nukta nyingi mno za kujaza. Kinachora kipande kipande, kinachoka njiani." Kile kile alichojisifia Hamadi.

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani. Nikaamua Chake siendi. Jioni, tukila, nikamwambia Mama yote, nikidhani naye atacheka.

Hakucheka. Aliweka tonge chini.

"Kesho wenda."

"Mama, si ilikuwa tableti."

"Tableti si macho. Mimi nlisema kesho, kesho, mwaka mzima. Wenda."

Alhamisi, 13 Februari

Nilikwenda ili anyamaze.

Daktari ni mwanamke, mpole, haongei sana. Alinitia dawa ya ganzi, akapima jicho moja moja. La kushoto akarudia. Mara tatu. Hapo nilijua.

Presha imepanda. Mshipa wa ndani umeanza kuguswa, kidogo. Nikamwambia habari ya mlango wa jiko. Akasema, "Hapana, hujafika huko. Ulikuwa na haraka tu." "Ungengoja mpaka uone kasoro mwenyewe, tungekuwa tunazungumza mengine."

Dawa ya matone, kila jioni, maisha yangu yote. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki huenda kikabaki.

Kwenye gari sikuhisi kitu.  Niliposhuka nikakaa juu ya jiwe mpaka gari likapotea.

Mama nimemwambia ukweli.  Alinipapasa uso, akakaa sana kwenye macho.

Alhamisi, 20 Februari

Asha amezipunguza zile picha. Ramani zinafunguka mara moja. Woga bado upo, lakini mdogo, wa kubebeka.

Siku za mwanzo matone yalinishinda. Napepesa, yanashuka shavuni. Leo baada ya magharibi Mama akaniambia nilale chali, kichwa mapajani mwake. "Tazama juu. Sasa usitazame kitu." Nikatia tone mwenyewe. Yeye akabana pembe ya jicho, karibu na pua, dawa isishuke, kama alivyokuwa akifanyiwa zamani. Kidole chake kikavu, kina joto.

Nje watu walikuwa wakirudi kutoka msikitini, wakisalimiana.

Akaniuliza kesho nasomesha nini. Nikamwambia mito. Nikataka kuinuka.

"Ngoja," akasema. "Bado kidogo."

Nikangoja.