Mnara wa Lafey na Simu ya Hooyo

Geneva

Walaal Abdi, kaka yangu,

Assalaam aleikum. Naomba Mola barua hii iwakute wazima wote, na wanafunzi wako wawe hawajakumalizia sauti. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umelemewa.

Utashangaa kwa nini nimeandika, na hapo Lafey mjini simu yako inaingia vizuri. Kwa simu nitajitetea, nawe nakujua, utanisamehe upesi.

Ujumbe wako ulinikata maini: "Hooyo yuko malishoni, anauliza amekukosea nini, Ijumaa zote hizi humpigii. Anasema labda ulikasirika alipokutania uoe." Wallahi, sikukasirika. Kila Ijumaa nampigia mama yetu, hapatikani, na sababu naijua kuliko fundi yeyote.

Kazi yangu unaijua: kukaa na wataalamu wa nchi nyingine tukigawana masafa ya simu, mawimbi ya huku yasivuruge ya jirani. Mwaka jana tulifika kwenye minara ya mpakani. Pendekezo lilikuwa mnara wa Lafey upunguzwe nguvu, uhudumie mji tu. Kwenye ramani, malisho yetu yalikuwa eneo jeupe lililoandikwa "hakuna wakazi." Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye neno kuhusu eneo hili?"

Nilikuwa nalo. Ningesema kiangazi kikikaza watu huhamia pale na mbuzi wao, mama yangu akiwemo. Lakini wenzangu walikuwa wamezoea kunicheka kwamba kila mjadala naupeleka kwetu. Nikaona haya. Nikainamia kikombe changu cha chai, na mwenyekiti akapitisha.

Sasa nimeomba jambo hili lifunguliwe upya. Nimejibiwa nisubiri kikao kingine, kisha nchi zote mbili zikubaliane. Kiangazi hiki kitakwisha kabla ya hapo. Najuta, Abdi, na hapa sina wa kumwambia.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo, na habaryar wetu, mama mdogo anayeuza maziwa sokoni, ambaye najua ataomba asomewe hata yasiyomhusu. Abti, mjomba wetu mwenye ngamia, mpe mkono wangu.

Ukipata gari la maji linaloenda malishoni, panda, umsomee Hooyo haya kwa Kisomali. Usimwambie mnara umeharibika. Mwambie mwanawe aliulizwa mbele ya watu kama kule kuna mtu, akanyamaza.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Hassan